Tangi la Lwambo na Lita ya Siku za Mvua

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya sungura na fisi. Ni zamani ya juzijuzi tu, kompyuta zilishaingia maofisini na watu walishaanza kuziogopa kuliko polisi. Palikuwa na kijiji kiitwacho Lwambo, juu milimani, ng'ambo ya mto Kasege. Kijiji cha ng'ombe, migomba na mvua. Na katika kijiji hicho alikuwepo mama mmoja, Tusajigwe, mjane mwenye ng'ombe wawili na mdomo ambao hajawahi kumwazima mtu. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kituo cha maziwa.

Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha matofali, na ndani ya kibanda mlikuwa na tangi la kupozea maziwa, mali ya ushirika. Kabla ya tangi, maziwa ya asubuhi yaliuzwa, kwa sababu lori la ushirika lilipita asubuhi. Maziwa ya jioni hayakuwa na mwenyewe. Yalilala, yakachacha, wakapewa ndama, au akaja mchuuzi akayachukua kwa bei ya kukutukana. Tangi lilipokuja, maziwa ya jioni yakalala humo na ubaridi wake, asubuhi yakapanda lori pamoja na wenzake. Maziwa ya jioni ndiyo yaliyomsomesha binti wa Tusajigwe chuo cha uuguzi. Ndiyo yaliyoezeka nyumba ya Mama Foibe, jirani yake, mwanamke mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Ondoa tangi, na kila nyumba ya Lwambo inarudi kumsubiri mchuuzi.

Sasa tegeni sikio, maana ugomvi wote umeanzia hapa.

Mvua ya Lwambo ikinyesha kweli, vitu viwili vinaondoka pamoja: daraja linazama na umeme unakatika. Lori halifiki, na tangi lisilo na umeme ni sufuria kubwa tu. Siku hizo akina mama hawapeleki maziwa kituoni. Wanagandisha mtindi nyumbani, wanakula na watoto wao. Lakini keni za ushirika, yale madumu ya bati yenye vifuniko, zilitakiwa kurudi kiwandani zikatumike vituo vingine. Basi dereva wa bodaboda alizifunga nyuma ya pikipiki, akazunguka nazo kwa njia ya msituni.

Zirudi tupu? Bibi Atuganile hakukubali. Huyu alikuwa mwanachama mkongwe kuliko wote, mwembamba, mbishi, na alipokataa jambo alikuwa amekataa.

"Mwenzio akikuletea ndizi kwenye sahani, unairudisha sahani tupu?" aliuliza. "Umelelewa na nani wewe? Hata kama huna kitu, utaweka chumvi. Chombo cha watu kinarudi na kitu ndani. Na huko kiwandani wajue Lwambo tupo, hatujafa."

Akakamua lita moja ya ng'ombe wake, akaimimina kwenye keni moja. Kila siku ya mvua, lita moja. Akina mama wakamcheka, wakamwita Bibi Lita. Tusajigwe naye alicheka, na kama mwenyekiti angeweza kulizuia jambo lile, ila aliona ni ubishi wa uzee usiomdhuru mtu.

Lakini fikirieni wenyewe lita moja ndani ya keni kubwa, nyuma ya pikipiki, inarukarushwa msitu mzima bila baridi. Inafika imekatika. Mpokeaji kiwandani anaitia spiriti kidogo, ndicho kipimo cha maziwa yaliyoharibika, anaona mabonge, anatikisa kichwa. Anaandika kwenye kompyuta: Lwambo, imepokelewa lita moja, imekataliwa lita moja. Anamwaga, anaendelea na kazi yake.

Ushirika ulikuwa na karani wa takwimu mjini, jina lake Lugano. Mtu msafi, mpole, mwenye mke na mtoto mchanga, na aliyeipenda kompyuta yake. Meneja alimwagiza atengeneze ripoti inayoonyesha kituo kipi maziwa yake yanakataliwa zaidi. Lugano akauambia mfumo wa kompyuta uchukue kila mstari, maana kila siku ina mstari wake, ugawe zilizokataliwa kwa zilizopokelewa. Mfumo ukagawa. Halafu akauambia uchukue majibu yote ya kituo utoe wastani. Mfumo ukatoa. Mfumo haubishi, ndiyo tabia yake.

Majibu yakatoka. Kituo cha Igembe, kule bondeni kwenye lami: tano kwa mia. Kituo cha Lwambo: hamsini kwa mia.

Meneja akasoma, akashika kiuno. Nusu! Nusu ya maziwa ya Lwambo ni mabovu! Akaipeleka ripoti kwenye bodi, akaipeleka kwa wafadhili waliotoa matangi, na barua ikapanda mlima: Lwambo haina haki ya tangi. Ijumaa litakuja lori, tangi litahamia Igembe. Mtunza tangi, aliyekuwa mwajiriwa wa ushirika, akaambiwa atangulie huko. Akafunga godoro lake akaondoka.

Barua iliposomwa Lwambo, watu hawakuikasirikia ofisi. Walitazamana wenyewe. Nusu ya maziwa ni mabovu, basi kuna mtu anatia maji. Nani? Mwenye nyumba mpya. Macho yakamgeukia Mama Foibe na bati lake jipya. Hakuna aliyesema kwa sauti, lakini kesho yake aliposalimia kisimani, ndoo ziliitikia kuliko watu. Mama Foibe alirudi nyumbani akilia, na hakumwambia mtu.

Tusajigwe alikunywa maziwa ya ng'ombe wake kikombe kizima, akiyasikilizia ulimini kama mgonjwa anayeonja dawa. Yalikuwa maziwa mazuri. Akahisi hasira inampanda kutoka miguuni.

"Tangi haliondoki," alisema.

"Mfumo umesema, dada," akajibiwa na katibu wa kituo.

"Mfumo na useme. Tangi haliondoki."

Ijumaa lori likaja, na wanaume wanne wenye mabega, na Lugano ameshika karatasi za makabidhiano. Wakamkuta Tusajigwe amesimama mlangoni, kanga kiunoni imekazwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ila tangi haliondoki."

"Mama, limeshaandikwa. Ni mali ya ushirika."

"Tangi tupu ni lenu, sikatai. Haya, fungua mfuniko uone kama ni tupu."

Lugano akafungua. Tangi lilijaa maziwa pomoni. Maziwa ya jioni ya jana, maziwa ya asubuhi ya leo, ya kila nyumba ya Lwambo, Tusajigwe alikuwa ameyasomba tangu alfajiri. Na katiba ya ushirika ilisema, kila mtu aliijua, kwamba maziwa ya mwanachama hayamwagwi mpaka yapimwe mbele ya macho yake na yaonekane mabovu.

"Pima," Tusajigwe akasema.

Lugano akachota, akatia spiriti, akatikisa. Hakuna bonge. Akachota tena, akatikisa. Hakuna bonge. Wanaume wanne wakakaa chini kivulini, maana hakuna mtu wa kubeba tangi lililojaa.

"Basi mama, lori la maziwa likija liyachukue, halafu sisi..."

"Lori la maziwa halipewi tone mpaka lori lenu liondoke kabisa na karatasi zako zichanwe."

"Lakini yatalala. Tangi linahimili siku mbili. Ya tatu yanaharibika yote."

"Nafahamu."

Mama Foibe akasogea na ndoo yake. "Dada Tusajigwe," alisema taratibu, "mimi naomba nichote yangu nirudi nayo. Ninayategemea."

Tusajigwe akapanda juu ya tangi, akakalia mfuniko. "Hakuna anayechota. Tukianza kuchota mmoja mmoja, mpaka jioni ni tupu, na tangi limekwenda. Nenda nyumbani, Mama Foibe."

Mama Foibe akaondoka na ndoo yake tupu. Tusajigwe alimwona, na moyo ulimuuma, lakini hakushuka. Akamgeukia Lugano.

"Mwanangu, nusu ya maziwa yetu mliyakataa. Mliyamwaga wapi?"

"Sijui mama. Mfumo ndio..."

"Huo mfumo una ng'ombe? Ulishawahi kukamua? Nakuuliza wewe mwenye macho. Mlimwaga wapi?"

Lugano akawaacha wale wanaume na lori lao wakisubiri, akarudi mjini na swali lile kichwani. Alikuwa anapita kiwandani kila siku. Kama nusu ya maziwa ya kituo kizima yangemwagwa, mtaro wa kiwanda ungekuwa mweupe. Hakuwahi kuuona mweupe.

Akafika, akaketi, akafungua mistari. Sasa hakutazama jibu la mwisho. Alitazama mstari mmoja, akatazama unaofuata. Siku ya jua: lita mia nne, zimekataliwa nne. Moja kwa mia. Siku ya mvua: lita moja, imekataliwa moja. Mia kwa mia. Siku ya jua, moja. Siku ya mvua, mia. Na yeye, Lugano, ndiye aliyezijumlisha moja na mia, akagawa kwa mbili, akapata hamsini na ushee. Siku ya lita moja aliipa uzito sawasawa na siku ya lita mia nne. Angezimwaga zote kwenye beseni moja, lita mia nne na moja, angeona zilizokataliwa ni tano tu, moja kwa mia na kidogo. Lwambo ilikuwa bora kuliko Igembe, tena kwa mbali. Lugano aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akamfuata meneja, akamweleza.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho, na alielewa, tusimsingizie. Ndipo akafunga mlango. "Lugano, ripoti imeshasomwa na bodi. Imeshasomwa na wafadhili. Leo tukisema namba hii ni mbovu, kesho wataniuliza ngapi nyingine ni mbovu. Liache."

"Bosi, ni tangi la watu."

"Na kazi yako ni mkate wa mwanao. Liache."

Lugano akatoka. Usiku kucha akakaa na jambo lile, akanyanyuka, akaketi, akanyanyuka. Akaogopa, ndiyo, mwenye mtoto mchanga asiogope ana nini kichwani? Kulipokucha akaandika karatasi kubwa, akaibandika kwenye geti la kiwanda, wanapopita madereva na wanachama wa vituo vyote. Mistari yote ikiwa wazi, hesabu mbaya upande huu, hesabu nzuri upande ule, na chini yake maneno haya: Kosa ni langu mimi Lugano, mfumo haukukosea.

Kabla ya saa sita alikuwa hana kazi. Lakini kabla ya jioni geti lilikuwa limejaa watu, hata wa Igembe walikuwepo, na mmoja wao akasema hawataki tangi la kuporwa. Bodi ikakutana kwa kulazimishwa. Bodi ikaamua: tangi halihami.

Lugano akapanda mlima kupeleka habari, kwa miguu, kwa sababu gari la ushirika lilimkatalia. Alipofika ilikuwa asubuhi ya siku ya tatu. Tusajigwe alikuwa bado juu ya mfuniko, macho mekundu, sauti imekauka.

"Mama, mmeshinda. Tangi ni lenu."

Akina mama wakapiga vigelegele. Lori la ushirika la kubebea tangi likawasha injini, likateremka tupu. Ndipo Tusajigwe akashuka, akafungua mfuniko, akachota, akatia spiriti.

Mabonge.

Yalimwagwa yote, ya kila nyumba, nyuma ya kibanda. Vigelegele vikakatika. Mama Foibe alisimama akiyatazama yanavyopotelea kwenye udongo, ndoo yake mkononi, na safari hii alilia mbele za watu.

Mnadhani nimemaliza? Hapa ndipo penyewe.

Ushirika ulileta barua nyingine. Tangi linabaki Lwambo. Mtunza tangi wa zamani naye anabaki Igembe. Wanalwambo wachague mtunza tangi wao, mmoja tu, mwenye mshahara wa kila mwezi na chumba cha kulala nyuma ya kibanda. Yeye ndiye atakayepima na kupokea, na neno lake juu ya maziwa ndilo la mwisho.

Mkutano ukaitwa. Vikombe vitatu vikawekwa mezani na kila mwanachama akapewa punje moja ya mahindi, maana watu watatu walisimama.

Akaanza Lugano, amevaa shati lile lile la siku ya geti. "Mimi si mtu wa hapa, mnajua. Lakini bila mimi kuifungua ile mistari mngekalia tangi bure, na lingeondoka. Mama aliwazuia wenye lori kwa siku tatu. Mimi ndiye niliyewazuia kabisa. Kazi nimeipoteza kwa ajili yenu, mke wangu amerudi kwao. Nipeni."

"Na nani alitutia kwenye matope?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Si hesabu yako wewe?"

"Ni yangu," Lugano akasema, wala hakuinamisha macho. "Niliandika hivyo getini, na jina langu nikaweka. Nitajieni mwingine mjini aliyewahi kufanya hivyo."

Watu wakaguna.

Akasimama Tusajigwe. "Sitaki maneno mengi. Barua ilipokuja, mlitafuta mchawi. Mlitazamana. Mimi peke yangu nilisema tangi haliondoki. Lisingejaa maziwa, huyu karani angerudi mjini na tangi mgongoni, na hesabu nzuri angeigundua likiwa Igembe. Na mimi ndiye niliyemuuliza mlimwaga wapi. Siombi. Nadai."

"Na maziwa yetu je?" Sauti ikatoka upande wa akina mama. "Ulituuliza ulipoyakalia?"

Tusajigwe alihisi swali hilo likimgusa pale pale palipomuuma tangu Ijumaa. "Sikuwauliza," alisema. "Ningewauliza, mngekubali? Likija lori jingine nitakaa tena."

Watu wakaguna zaidi.

Akasimama Bibi Atuganile, na wengine wakaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Bibi akangoja wachoke.

"Mmeniita Bibi Lita. Mmesema lita yangu ndiyo iliyotuponza. Katibu, wasomee kifungu."

Katibu akasoma katiba. Kituo ambacho hakitapeleka hata lita moja kwa wiki nzima kitafutwa kwenye orodha, na mali ya ushirika iliyopo hapo itachukuliwa.

"Mwaka huu daraja lilizama mara ngapi wiki nzima? Mkajifungia na mtindi wenu. Nani aliwaweka kwenye orodha? Lita ya nani? Bila mimi, karani asingekuwa na mstari wa kukosea, na Tusajigwe asingekuwa na tangi la kukalia. Mimi sikuijua hiyo sheria, nilitunza heshima ya chombo tu. Lakini nililitunza tangi mkiwa mmelala. Na mnatafuta nini leo? Mtu wa kulitunza tangi! Mshahara wenyewe siuhitaji. Nakitaka kiti, niwapimie maziwa yenu na mniamkie."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Tuuulize mfumo!" mlevi mmoja akasema dirishani, na akafukuzwa.

Punje zikaanza kudondoka. Tusajigwe alisimama mikono kifuani, akizisikiliza, kikombe hiki, kikombe kile. Katibu akahesabu mbele ya wote. Akahesabu tena, jasho likamtoka. Vikombe vitatu vilikuwa sawa kabisa. Na punje moja ilikuwa haijadondoka.

Alikuwa nayo Mama Foibe.

Akaja mbele taratibu, kiganja kimefumba. Akasimama mbele ya Lugano, ambaye hesabu yake ilimfanya adhaniwe mtia maji. Akasimama mbele ya Bibi Atuganile, ambaye lita yake ndiyo iliyoizaa hesabu ile. Akasimama mbele ya Tusajigwe, aliyeyakalia maziwa yake mpaka yakaoza. Wote watatu walikuwa wamemliza. Na kama si wote watatu, jioni ile angekuwa anamsubiri mchuuzi.

Tusajigwe, ambaye maishani mwake hakuwahi kumwogopa meneja, wala bodi, wala lori, alimwogopa mwanamke yule mpole. Alitaka kusema samahani. Alitaka kusema nipe mimi. Akainua kidevu, akamtazama machoni.

"Mlisema kwa macho yenu kwamba mimi natia maji," Mama Foibe akawaambia watu, sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Basi leo mtaningoja."

Na akafungua kiganja.

Haya, nyie mliokaa hapo mkitikisa vichwa kana kwamba mnajua. Punje ni moja, vikombe vitatu. Aliyetunza bila kujua, aliyezuia bila kuuliza, au aliyekosea akakiri? Kama kiganja kile kingekuwa chako, na machozi yale yangekuwa yako, je, nani alistahili?